Vigimbi vyangu na sare ya sendofu

Sendofu ni ya binti wa shangazi yangu. Kitenge tumeshanunua Kariakoo, mshono umeshatumwa kwenye grupu: sketi ya kubana, inaishia magotini. Nilikuwa nakaanga vitunguu simu ilipolia. Ujumbe wa sauti, watu hamsini na kitu wanasikiliza: "Jamani, wenye vigimbi waambieni mafundi washushe sketi hadi chini, tusiharibiane picha." Jina hakutaja, na hakuwa na haja. Ukoo mzima wanawake wenye vigimbi vya kuharibu picha tuko wawili, na mwenzangu ana miaka 78.

Vitunguu viliungua.

Haikupita nusu saa, ndugu mwingine (huyu ananipenda kweli) akanitumia pembeni picha ya kopo la krimu. Sh 45,000, inamaliza vigimbi kwa siku 21. Unapaka, unazungushia nailoni, unalala. Nilicheka, halafu kicheko kikakata, maana hiyo nailoni mimi nimeshailalia. Nilikuwa na miaka 22, nipo chuo, suruali ya skini imenigomea dukani pale chini ya goti, haipandi haishuki, na muuzaji kamwita mwenzake aje ashuhudie. Wiki nzima nikalala nimeviringishwa miguu. Asubuhi nafungua, maji yanachuruzika, napima kwa futi ya fundi cherehani: imepungua nusu sentimita! Nakunywa chai na mihogo yangu, ikifika mchana nusu sentimita imerudi kwake. Lilikuwa jasho. Yaani mtu anakuuzia jasho lako mwenyewe, tena kwa bei ya gunia la mkaa.

Na njaa nilijaribu. Haya, nakubali kwa shingo upande, ukipunguza kula mafuta ya mwili yanapungua. Ila hayaondoki pale unaponyooshea kidole. Yangu yalitoka mashavuni, yakatoka kifuani, kilo 8 zikaenda, mama akaanza kuniuliza kwa kuzungukazunguka kama nimepima afya. Vigimbi vikabaki palepale, tena vinang'ara, maana juu yake pamekwisha.

Kigimbi ni msuli, jamani. Kuna misuli miwili pale nyuma, mmoja juu ya mwenzake, inaungana kwenye kano ya kisigino. Msuli uishie wapi na kano ianzie wapi, hilo ulipangiwa kabla hujazaliwa. Bibi yangu wa Lushoto kano yake fupi, msuli umeshuka mpaka chini, na mimi yangu fupi vilevile. Yeye akaongezea milima ya Usambara na matenga ya peasi kichwani.

Niwaambie mguu mwembamba unavyopatikana. Mwaka juzi mdogo wangu alianguka na bodaboda, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, akafungwa hogo. Siku ya kulikata nilimsindikiza. Kimsumeno kikapiga kelele, gamba likapasuka mawili, ikatoka harufu ya ngozi iliyofungiwa, na ndani yake mguu wa mtoto. Umepauka, una magamba kama samaki, na palipokuwa na kigimbi ngozi inalegea tu. Huyu naye ni mjukuu wa bibi yuleyule, vigimbi vyake ndivyo vilivyomfanya winga wa timu ya mtaa. Akauweka sambamba na wa kushoto, akautazama, akalia. Sikusikia mtu akimpongeza kwamba amepungua. Akapewa mazoezi: shika ukuta, simama kwa ncha za vidole, shuka, mara kumi, asubuhi na jioni. Ilichukua miezi kuurudisha. Tulikuwa tunaupima sebuleni kila Jumapili kwa futi ileile niliyopimia nailoni, na kila sentimita iliyoongezeka mama alipiga vigelegele.

Basi njia ndiyo hiyo. Msuli unapungua usipoutumia, na mimi nakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna, maji yakikatika napandisha ndoo. Kuna kliniki Korea Kusini zinachoma botox kwenye kigimbi, ileile ya makunyanzi, ili msuli ulegee mpaka usinyae. Baada ya miezi dawa inaisha nguvu, unarudi kuchomwa. Yaani hogo la kulipia, lisiloonekana. Mtu mzima na pesa yake, simshiki mkono. Bibi nilipomsimulia aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa hao maji wanachotewa na nani?"

(Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hiyo si habari ya vigimbi. Nenda hospitali leo.)

Kinachonichosha zaidi ni unafiki. Mtaa huuhuu ukisikia "mguu wa bia" shingo zote zinageuka. Mwenye kiuno na hipsi za kuupokea, mguu ule ni neema. Ukikaa kwangu mimi mwenye hipsi za kuazima, unakuwa mguu wa beki wa kati. Serena Williams, yule wa tenisi, alibeba mataji 23 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja kwa miguu ya namna hiyo, na bado walikuwepo waliomchambua umbo. Na hivyo viatu virefu mnavyotulazimisha "kurefusha mguu" ndivyo vinavyokikaza kigimbi kikajitokeza. Hilo kwenye grupu halikusemwa.

Sitawadanganya kwamba najipenda kila siku. Zipo siku napita mbele ya vioo vya benki nimekaza macho barabarani, nisijione. Lakini kuna siku ile ya ngazi, ndoo mkononi, nampita kijana wa ghorofa ya pili aliyekaa kupumzika, na siku hiyo navipenda sana.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi. Akapima kiuno, akapima hipsi, akaandika kwenye daftari lake lililojaa mafuta ya cherehani.

"Dada, nimeambiwa sare hii kuna za magotini na kuna za chini. Yako ipi?"

Nikaweka vidole viwili juu ya goti. "Hapa."

Akavuta futi, akaandika. "Na mpasuo?"

"Nyuma."