Mbona huku hawaoni haya kuonyesha gemu mbovu?

Alhamisi iliyopita nilimtazama mama wa miaka sitini na kitu akionyesha watu gemu ya konokono anayekwenda kununua mkate, nikarudi nyumbani nimekasirika. Ngojeni nieleze, kabla hamjaanza.

Mama huyu aliendesha tramu hapa Göteborg, Uswidi, mpaka akastaafu. Mwaka jana akaamua kujifunza kutengeneza gemu. Hatafuti kazi, hatafuti pesa, ameamua tu. Tunakutana jioni kwenye chumba cha chini cha jengo moja la masomo ya watu wazima, kumi au kumi na wawili, kila mtu na laptopu yake, kahawa kwenye chupa ya chai, na yale maandazi yao ya mdalasini. Alhamisi ilikuwa zamu yake. Konokono akatembea hatua nne, akafika kwenye ngazi ya duka, akazama sakafuni. Kapotea kabisa. Kwenye skrini pakabaki duka, mkate dirishani, na muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nikasubiri kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshauma mdomo. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akavuta kiti, akaomba acheze yeye, konokono akazama tena. "Nilidhani kitufe hiki ni cha kupanda ngazi," akasema. Mama akaandika kwenye daftari. Mwingine akauliza kama konokono ana njaa au anatembea tu, maana mwendo wake hausemi. Mama akaandika. Dakika ishirini nzima zikaishia kwa konokono asiyefika dukani, kisha wakampigia makofi, akakaa, akajimiminia kahawa.

Mnajua kwetu ingekuwaje.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Naguru, Kampala. Kiswahili changu ni cha pale, cha foleni ya bomba la maji, cha mama wa Arua na mama wa Soroti wakigombania kamba ya kuanikia nguo. Mwaka 2015 nilikuwa askari wa usiku kwenye jengo moja Kololo, na waifai ya ofisi ilikuwa haizimwi. Kwa siku tatu, huku nalinda geti, nikapakua injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, gigabaiti baada ya gigabaiti. Laptopu ilikuwa ya binamu yangu, betri imeshakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika kabla hujahifadhi kazi, basi. Miezi mitano nikatengeneza gemu ya bodaboda inayotoka Ntinda kwenda soko la Owino. Mashimo, taksi zinazosimama bila kuashiria, afande mwenye sare nyeupe.

Nikaipeleka stegi, pale bodaboda wanaposubiri abiria. Wanangu wa stegi waliacha ludo yao, na mnajua ludo ya stegi haiachwi kirahisi. Boda yangu ikapita katikati ya ukuta wa kituo cha taksi kama jini. Watu wakacheka mpaka abiria akaondoka kwa miguu. Mmoja akauliza, "Hii ni ya watoto?" Wa pili, "Inakulipa ngapi?" Binamu mwenye laptopu akasema hata FIFA ya zamani ya pale kibandani inaishinda. Nikacheka nao.

Kicheko cha stegi ningekivumilia. Kilichonimaliza ni shindano moja la vijana wabunifu, majaji wanne mezani na chupa za maji. Hawakucheza. Laptopu ilikuwa imewashwa, boda iko pale inanguruma, hakuna aliyegusa kibodi. Wakauliza: "Inatatua tatizo gani?" Nikasema haitatui, ni mchezo. Wakatazamana. Mmoja, mtu mpole kweli, akanishauri boda ibebe vyandarua. Yaani kila chandarua utakachofikisha, malaria inapungua kijijini, unapata pointi. Alisema wafadhili watapenda.

Usiku ule nikafuta kila kitu. Hata nakala ya kwenye flashi.

Kwa hiyo hasira yangu ya Alhamisi mnaielewa. Huyu mama wa tramu hakuulizwa konokono anatatua tatizo gani. Na mimi nawauliza nyinyi: aliyechimba omweso, bao la kwetu, safu nne za mashimo manane, kete 64, aliitwa mbele ya meza ya nani akaulizwa inapunguza ugonjwa gani? Wazee wetu wamekaa chini ya mti wakila kete za wenzao miaka nenda rudi, na hakuna aliyewaambia waweke vyandarua.

Sasa nasikia kelele huko, mnatuita kyeyo sisi tunaofanya vibarua ughaibuni. "Kyeyo keshaanza. Amekula viazi vya Wazungu miaka minane, sasa sisi ndio hatujui kitu." Sikilizeni. Mchana nawaogesha wazee, nawalisha, nawabadilishia shuka. Anayefikiri nimekuja kutamba na aje anishikie zamu ya Jumapili. Na sisemi Waswidi wana akili kutushinda. Hawa ni watu ambao hawatoi salamu kwenye lifti. Jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina, naye halijui langu, na wote wawili tunaona ni sawa.

Lakini kwenye jambo hili moja wametuacha mbali. Saa moja na kidogo kwa treni kutoka hapa kuna mji unaitwa Skövde. Mwaka 2014 watu wa Coffee Stain walitoa gemu ya mbuzi, Goat Simulator. Mbuzi anapiga watu pembe, ulimi wake unanata kwenye magari, shingo inajinyonga kama kamba ya nguo. Ilianza kama mzaha wa ofisini, na kasoro nyingi waliziacha makusudi. Walirekebisha zile tu zilizokuwa zinaiangusha gemu nzima. Dunia ikanunua. Mbuzi! Kwetu mbuzi wamejaa kila barabara, na tungempeleka yule mbuzi kwa majaji wangeuliza anachangia vipi lishe ya mtoto.

"Wewe una umeme saa 24." Kweli. Hili sibishani, kwa kuwa mliobaki ndio mliolipa kodi ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2018 ili mfungue WhatsApp, kisha Julai 2021 mkabandikwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando, na katikati hapo, Januari ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa. Nilikuwa huku nampigia mama simu ya kawaida, dakika kwa dakika, natamani kulia. Sijasahau.

Ila msiniambie ni pesa peke yake. Injini ninayotumia sasa ni Godot, kazi ya Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, walioiachia watu wote bure mwaka 2014. Ni nyepesi kuliko filamu moja ya VJ, yule anayetafsiri filamu kwa kelele, mnayowekewa kwenye flashi pale kibandani. Haidai leseni, na ukiuza haikukati asilimia. Ukimaliza unapakia kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, bila kulipa hata senti, na huko gemu mbovu ziko maelfu kwa maelfu, hutakuwa wa kwanza kuaibika. Kila Januari tangu 2009 kuna Global Game Jam, watu wa nchi nyingi wanatengeneza gemu, kwa kawaida kwa saa 48 tu, na kwa saa 48 utatoa nini kama si kitu kibovu? Ndiyo maana mgeni anaanzia hapo. Steam, lile duka kubwa la gemu mtandaoni, ni habari nyingine. Wanataka dola 100 kwa kila gemu, na hawakurudishii mpaka iingize dola 1,000. Dola 100 kwangu ilikuwa kodi ya chumba Kireka miezi mitatu. Lakini nani amewaambia muanze na Steam?

Na tafadhali, asije mtu na Lual Mayen. Namheshimu sana. Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda yetu, mama yake akadunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za laptopu, naye akawa anatembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Akatengeneza gemu ya amani, Salaam, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye tuzo za gemu, The Game Awards, mbele ya dunia nzima. Huku wanaipenda mno hadithi hii, wananisimulia mimi, kama vile nimetoka Norway. Nyumbani nako inageuzwa fimbo: "Lual aliweza, wewe una kisingizio gani?" Kwani lazima kila mtoto atembee saa tatu ndipo aruhusiwe kutengeneza mchezo? Mama wa tramu alitembea kutoka kituo cha basi, dakika nne.

Kuna kitu kingine kinanichoma, na hiki ni cha huku. Nilifika Septemba 2017. Januari 2018, kila mpenda gemu niliyemwambia natoka Uganda alianza kupiga ulimi, klo klo klo, halafu "unaijua njia?" Nikadhani wamepagawa. Kumbe mle VRChat, gemu ya kupiga soga mtandaoni, kundi la watu lilikuwa limevaa umbo la Knuckles, mhusika wa gemu za Sonic, jekundu, bovu, wanazunguka wakijiita Waganda. Chanzo chake ni filamu za Wakaliga, mtaa wa Kampala, za Nabwana na wenzake, wale wanaounda helikopta kwa vyuma chakavu na bunduki kwa mabomba. Nilikasirika mwaka mzima. Nchi nzima, ziwa zima, mfalme na ngoma zake, sisi tukabaki klo klo.

Baadaye nikakaa nikafikiri. Wakaliga waliwahi kuona haya? Helikopta haipai, moto ni wa kompyuta na unaonekana ni wa kompyuta, VJ anapiga kelele juu ya filamu kama mtangazaji wa mpira, na wakaionyesha vilevile. Hawakungoja iwe kama ya Marekani. Kampala ya mjini iliwacheka, Wazungu wakapanda ndege kwenda Wakaliga kupigwa karate na kufa mbele ya kamera. Sasa huyu anayesema tabia ya kuonyesha kitu kibovu ni ya Kizungu, namwelekeza Wakaliga, apande boda.

Mmenitoa kwenye mstari. Nilitaka kuwaambia kuhusu boda.

Nimeianza upya. Miaka kadhaa sikugusa, kisha nikaona gemu za hawa watu zinavyozama sakafuni nikasema, aa, hata mimi naweza kuzamisha. Alhamisi, baada ya konokono, nikainua mkono. Mama wa tramu akasema yeye ndiye atakayecheza, kwa kuwa kwa barabara ana uzoefu. Akapanda boda Ntinda. Mashimo akayakwepa vizuri kunishinda. Karibu na Wandegeya akatokea afande mwenye sare nyeupe, akanyoosha mkono. Boda ikasimama.

Mama naye akasimama. Hakubonyeza kitu. Tukasubiri. Afande anatazama, mama anatazama, abiria nyuma hasira zinapanda, nimeweka uso mdogo mwekundu pembeni kuonyesha. Dakika moja. Dakika mbili. Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Nasubiri karatasi," akasema.

"Karatasi gani?"

"Ya faini. Si lazima aniandikie?"

Afande wangu nilimpanga asubiri mpaka kiama. Haikunipitia akilini kwamba kuna binadamu atakayengoja naye. Nikaanza kuwaeleza habari ya kitu kidogo, hongo ya afande, chumba kizima kikanyamaza, kalamu zikaandika, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba stegi ya Naguru, mwaka 2015, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya afande. Kila aliyeshika kibodi alimlipa bila kuambiwa kitufe, wakanung'unika tu kwamba bei yake iko chini. "Huyu afande ni wa wapi, anachukua elfu mbili?" Nilikuwa nimeisahau sentensi hiyo. Na ile nyingine ya ukuta, nayo ilikuja na maelezo: mmoja alisema ukitaka kupita pale usipite ukutani, kuna uchochoro nyuma ya wauza mitumba, weka uchochoro. Niliyafuta yote pamoja na gemu.

Usiku uleule nikamtumia mpwa wangu, yuko Naguru, ana miaka 14, anatumia simu ya mama yake. Megabaiti thelathini. Nikamtumia na pesa ya bando kabla hajaniomba. Siku mbili kimya. Jana jioni ujumbe wa sauti ukaingia, nyuma yake nasikia jenereta ya mtu na mtoto analia.

"Anko shikamoo. Nimecheza mimi na wenzangu. Anko, hiyo boda yako hapana. Honi kama ya meli. Abiria amevaa helmeti, wewe umeona wapi? Halafu anko, abiria mmoja? Boda gani inatoka Ntinda na mtu mmoja?"

Helmeti nimeivua. Abiria wa pili nimemweka leo asubuhi kabla ya kwenda kazini, amekaa vizuri. Wa tatu ananisumbua, magoti yake yanaingia ndani ya tairi la nyuma.