Kumi na Mbili na Nusu

Ukitaka kugombana na mwalimu aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, mwambie kwamba mkupuo mdogo, yaani pesa ya mara moja anayopewa akistaafu, na pensheni kubwa ya mwezi vinaweza kumfaa kuliko mkupuo mnono. Atakuuliza nani kakutuma. Kwa miaka kadhaa sasa anayesema hivyo huonekana msemaji wa mifuko ya pensheni, mtu asiye na uchungu na mtumishi. Mimi ni mtoto wa walimu wawili wastaafu. Kila nikienda Morogoro nalifungua daftari la matumizi la mama, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyoamini kwamba upande huu wa hoja haujasikilizwa.

Anayelijua sakata la kikokotoo, kanuni inayokokotoa mafao ya mstaafu, hahitaji nimrudishe mbali. Kanuni za 2018, zilizokuja baada ya mifuko minne kuunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ziliweka mkupuo wa asilimia 25 ya pensheni. Kelele zikawa kubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Juni 2024 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akatangaza bungeni asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, na 35 kwa lililokuwa likipata 25. Safari yote hiyo tumeipima kwa namba moja, asilimia ya mkupuo. Pensheni ya mwezi, ile inayonunua unga, imetajwa pembeni tu.

Hoja ya wanaotaka mkupuo mkubwa ina miguu. Mtumishi wa Tanzania hujenga kidogo kidogo, na wengi hufika miaka 60 nyumba ikiwa kwenye linta au haijaanza kabisa. Mstaafu anayepanga anaanza kila mwezi na pengo la kodi, na kodi haishuki. Kwake mkupuo unaoezeka paa ni uamuzi mzuri wa bajeti, maana unafuta mstari mmoja mkubwa wa matumizi kwa maisha yake yote. Kuna mtoto wa mwisho aliye chuo. Kuna mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. Na kuna suala la imani, ambalo halidharauliki: watumishi walioajiriwa kabla ya PSPF, mmoja wa mifuko ile minne, kuanza kukusanya michango mwaka 1999 waliacha deni kubwa ambalo serikali ilipaswa kulibeba, na mwishoni mwa 2021 ndipo sehemu yake ikalipwa kwa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17. Mtu aliyeyaona hayo akisema anataka chake mkononi mapema, simlaumu.

Lakini tukae na hesabu kidogo, kwa sababu humo ndimo mjadala ulimopotea.

Tumchukue mwalimu wa mfano aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni shilingi 1,450,000 kwa mwezi, sawa na 17,400,000 kwa mwaka. Kanuni ya sasa inagawa kiasi hicho kwa 580 na kuzidisha kwa miezi 360. Inatoka 10,800,000, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka kabla haijamegwa. Ukimega asilimia 40 na kuizidisha kwa 12.5, mkupuo ni 54,000,000, na kinachobaki ni 540,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 33 mkupuo ungekuwa 44,550,000 na pensheni 603,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo nyongeza ya Juni 2024, iliyopokelewa kama ushindi, ilimpa mwalimu huyu 9,450,000 siku ya kwanza na kumpunguzia 63,000 kila mwezi hadi kufa. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Inatoka miezi 150. Miaka kumi na mbili na nusu.

Namba hiyo haikuangukia hapo kwa bahati. Ni ileile 12.5 iliyomo ndani ya kanuni. Anayechukua mkupuo mkubwa anauuzia mfuko sehemu ya pensheni yake ya maisha yote, na bei anayolipwa ni pensheni ya miaka kumi na mbili na nusu. Akistaafu na miaka 60, mwezi wowote atakaoishi baada ya miaka 72 na nusu ameuuza bure.

Hapa ndipo ninapojibiwa kwamba Mtanzania wa kawaida haishi hadi huko, kwamba wastani wa kuishi ni miaka sitini na kitu, basi nipe changu nile nikiwa hai. Jibu hili linanisumbua kwa sababu linasemwa kwa uhakika na limejengwa juu ya kipimo kisichohusika. Wastani unaotajwa unaanza kuhesabu siku mtoto anapozaliwa, na ndani yake wamo waliokufa wachanga na vijana waliokufa kwa ajali. Aliyefika 60 amekwisha kuvivuka vizingiti hivyo vyote. Miaka iliyo mbele yake haipatikani kwa kutoa 60 kwenye wastani wa taifa. Nendeni kwenye ibada yoyote ya asubuhi mkahesabu wajane wa miaka 75 na 80. Wengi wao waliwahi kuwa wake wa watumishi, na baadhi walikuwa watumishi wenyewe.

Na bajeti ya miaka 75 haifanani na ya miaka 60. Mwenye 60 bado anafuga kuku, analima bustani, anasahihisha mitihani, anasafiri kwa basi bila msaidizi. Mwenye 75 ana dawa za presha, ana magoti, ana binti wa kazi wa kumlipa, na watoto wake wameanza kulipa ada za watoto wao. Shilingi 63,000 ambayo mwenye 60 huiona chenji, mwenye 75 anamlipa nayo binti wa kazi.

Nisiwadhulumu waliokasirika. Waliokuwa kundi la asilimia 50 walipunguziwa kweli. Kanuni yao ya zamani ilitumia 1/540 na kizidishio cha 15.5, na mwalimu wetu wa mfano angeondoka na mkupuo wa 89,900,000 na pensheni ya 483,333 kwa mwezi. Ukilinganisha na leo, amepoteza karibu milioni 36 za mkupuo na kuongezewa chini ya 57,000 kwa mwezi. Ingemchukua zaidi ya miaka hamsini kuzirudisha. Hasira yao ni ya haki.

Ila tazameni kilichowapunguzia. Turudishe asilimia 50 leo, tukiziacha 580 na 12.5 mahali pake. Mwalimu huyu anapata mkupuo wa 67,500,000 na pensheni ya 450,000. Bado amekosa milioni 22 za mkupuo wa zamani, na sasa hata pensheni ya mwezi iko chini ya ile ya zamani. Tumeimba asilimia mitaani na kwenye makundi ya simu, na namba mbili zilizofanya kazi ya kukata hazimo hata kwenye wimbo.

Nirudi kwenye daftari la mama, kwa kuwa huko ndiko namba hizi hupikwa zikaliwa.

Daftari lina safu za unga, mchele, maharage, mafuta, gesi, LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, dawa, nauli, na safu moja aliyoiandika "Watu". Pensheni ikiingia, kwa kawaida tarehe 25, anaigawa kwenye bahasha kabla hajanunua hata kiberiti. Mahindi hununua gunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akatia dawa na kusaga kidogo kidogo. Maharage vilevile. Gesi ni ya chai na mboga za haraka, na makande hupikwa kwa mkaa siku moja yakaliwa siku mbili. LUKU ya kwanza ya mwezi anajua itapungua 1,500 kwa ajili ya kodi ya jengo, kwa hiyo hainunui ya elfu mbili mwanzoni mwa mwezi. Mwanzoni mwa 2024 kilo ya sukari ilipovuka 4,000, alipiga mstari kwenye safu ya sukari, na tangu hapo chai ya jioni kwao haina sukari. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, inawatibu yeye na baba, jambo analolishukuru kila siku, lakini haimtibu mjukuu anayeishi nao.

Safu ya "Watu" ndiyo ngumu. Humo mna michango ya harusi, rambirambi, sadaka na daftari za mjukuu. Washauri wa fedha humwambia mstaafu aifute. Mama haifuti, anaipunguza. Alikuwa akitoa 50,000 kwa harusi, sasa anatoa 15,000 na kwenda kusaidia kukata vitunguu. Anasema siku yake ikifika hataki kuzikwa na watu saba. Namwelewa kabisa. Mchango huo ni akiba aliyoiweka kwa majirani, na hakuna benki inayoipokea.

Ubanaji huu wote unawezekana kwa sababu pesa inaingia kila mwezi. Bahasha zinahitaji tarehe 25. Mkupuo haugawanyiki kwenye bahasha, na zaidi ya hapo, mkupuo una mashahidi. Ukoo mzima unajua mwezi ulioupokea. Jirani mmoja wa wazazi wangu alipokea wa kwake na ndani ya miezi kumi na nne ulikuwa umekwisha: vyumba viwili vikafika kwenye linta, bajaji ikanunuliwa na kuharibika, ada za wapwa wawili zikalipwa, na sehemu ikachukuliwa na mtu aliyempigia simu akijifanya ofisa wa mafao. Hakuwa mlevi wala mjinga. Kila aliyemwomba alikuwa na shida ya kweli, na yeye alikuwa na pesa inayoonekana. Mwenye 603,000 kwa mwezi haombwi bajaji.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni kupanda kwa bei, na sitaikwepa. Pensheni ya mwezi ikisimama palepale huku bei zikipanda, ninachomshauri mwalimu akichague kinaliwa na mchwa. Kwa mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka, unaokaribiana na ule wa 3.1 uliotangazwa kwa 2024, pensheni ya 603,000 baada ya miaka 15 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 387,000. Ile ya 540,000 itakuwa sawa na 347,000 za leo. Na ile miaka kumi na mbili na nusu, ukihesabu thamani halisi ya pesa, inasogea hadi karibu 16. Mwalimu angehitaji kufika 76 ndipo uamuzi wa pensheni kubwa umlipe.

Tena asilimia 3 ni ya taifa, haikupimwa jikoni kwa mstaafu. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu limekipa chakula na vinywaji visivyo vya kilevi uzito wa asilimia 28.2. Kwenye daftari la mama chakula peke yake kinazidi nusu. Januari 2023 mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 4.9, wa chakula 9.9. Mkaguzi aliyetazama namba ya kwanza aliona nchi tulivu. Mama aliishi kwenye namba ya pili, na ukurasa wa mwezi ule umejaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya.

Kwa hiyo mwenye kusema "nipe mkupuo sasa kwa sababu pensheni itanyauka" anasema kweli kuhusu pensheni ilivyo leo. Ninapoachana naye ni kwenye dawa. Yeye anataka kuikimbia pensheni inayonyauka, na mimi nataka imwagiliwe. Pensheni ikipandishwa kila mwaka kwa kufuata bei, miaka kumi na mbili na nusu inarudi kuwa kumi na mbili na nusu, na mwenye 75 anakuwa na bahasha zenye uzito uleule aliokuwa nao akiwa na 60. Leo nyongeza ya wastaafu husubiri tathmini ya uhai wa mfuko na uamuzi wa juu, haina tarehe yake kwenye kalenda. Najua mfuko unaoahidi nyongeza usiyoimudu utakufa na wote waliomo, na ndiyo maana nisingetaka asilimia 50 irudi pamoja na nyongeza ya kila mwaka. Kimoja lazima kimpishe kingine. Mimi ningetoa sehemu ya mkupuo. Asiye na nyumba siku ya kustaafu aruhusiwe kumega zaidi kwa hiari yake, akionyeshwa kwanza kwenye karatasi ni shilingi ngapi za kila mwezi anaziuza.

Chama cha wafanyakazi kikilibeba hilo kwenye bango la Mei Mosi, sijui kama litashangiliwa. Asilimia 40 ni rahisi kuandika kwenye kitambaa. Mama nilimwonyesha hesabu ya 63,000 nikiwa huko mara ya mwisho. Alivaa miwani, akaipitia mara mbili kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha daftari la mwanafunzi, kisha akauliza kama hiyo 63,000 ingekuwa inaingia tarehe 25 pamoja na nyingine, au wangeitoa kivyake.