Historia ya usharika si foleni ya picha za wachungaji

Mwaka jana usharika ninaosali hapa Dar es Salaam uliadhimisha jubilei. Tulichangishwa kwa bahasha, tukashona sare za kitenge, na mwisho wa yote kila aliyemaliza ahadi yake akapewa kijitabu cha rangi, karatasi ile nzito inayoteleza mkononi. Nilikifungua kwenye daladala, nikawa nimekimaliza kabla ya kushuka. Picha ya baba askofu. Picha ya mkuu wa jimbo. Wachungaji wote waliowahi kututumikia, kila mmoja na miaka yake chini, wamepangwa kama wagombea udiwani. Halafu kwaya, halafu kamati ya ujenzi na kofia zao za plastiki. Katika kurasa 48, historia yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Sina ugomvi na kamati. Nimewahi kukaa kwenye kamati kama hiyo, na najua picha ndizo zinazouza kijitabu. Ila tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria bibi yangu mzaa mama, ambaye aliishi na kuzikwa Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, akiwa msharika wa Kidia, usharika wa Kilutheri wa huko huko, na najiuliza vijitabu vya aina hii vingemweka ukurasa gani.

Kidia naitumia kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, na kwa sababu haikubali kusimuliwa kwa picha. Anayepajua Old Moshi anajua lile neno "Old" lilitoka wapi. Boma la Mjerumani lilikuwa kule juu. Reli ya Tanga ilipofika tambarare, miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ukateremka kuifuata, na mlimani wakaachiwa jina la uzee.

Muulize mzee yeyote wa kanisa Kidia ilianza lini, atakwambia 1896, pale Misioni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilipofungua kituo chake cha Moshi, baada ya Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894. Ni kweli. Lakini Injili ilikuwa imeshafika Old Moshi miaka 11 kabla ya hapo, tena kwa Kiingereza. Wamisionari wa CMS, chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, walikuja mwaka 1885 kwa Mangi (yaani chifu) Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Rindi aliwapokea, ingawa inajulikana alichokuwa anakitamani zaidi kilikuwa mafundi na bunduki kuliko mahubiri. Alipofariki mwaka 1891, kiti kikaenda kwa mwanawe Meli, kijana asiyependa kuburuzwa. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wa Meli wakakishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, von Bülow. Wajerumani wakawashuku wamisionari Waingereza kwamba wako upande wa Meli. Basi CMS wakafungasha, wakahamia Taveta, upande wa Mwingereza. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi, na safari hiyo Meli akashindwa.

Walutheri waliingia kwenye nafasi iliyoachwa hivyo. Mimi leo ni Mlutheri na si Mwanglikana kwa sababu ya vita ile. Hili sijalisikia likisemwa madhabahuni hata siku moja, na sioni aibu yake iko wapi.

Sasa njoo kwenye jambo zito zaidi. Tarehe 2 Machi 1900, wakati kituo cha misioni kina miaka minne tu, Wajerumani waliwanyonga watu 19 hapo hapo Old Moshi: Mangi Meli, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha, na wengine, wakiwemo viongozi kutoka Arusha na Meru. Walituhumiwa kupanga uasi. Mti ambao Meli alitundikwa bado unaonyeshwa kwa wageni. Ukoo wake umeamini miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake aliutumia uzee wake kukidai. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin viliunganisha fuvu moja na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Kama ningepewa kijitabu cha jubilei nikiandike mimi, ningeanzia chini ya mti ule, na ningeuliza swali moja. Watu walioona mangi wao akinyongwa na Wajerumani, ilikuwaje wao na watoto wao wakaenda kukaa kwenye mabenchi ya Wajerumani, wakajifunza katekisimu, wakabatizwa, na kufika miaka ya 1930 wakawa wanaliita kanisa lile "letu"?

Jibu rahisi ni kwamba walilazimishwa. Silikubali. Jibu jingine rahisi, la mimbarini, ni kwamba giza lilikimbia nuru. Hilo nalo linawafanya mababu zetu waonekane kama watoto waliokuwa wanasubiri kuamshwa. Mimi naona walikuwa watu wa kupima mambo. Walitofautisha boma na misioni, kwa sababu boma lilidai kodi na kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, na misioni iliwasemesha Kichaga na kuwafundisha kusoma. Baada ya 1900 kila mwenye macho aliona kwamba mkuki umefika mwisho wake, na kwamba ugomvi unaofuata utakuwa wa karatasi. Walikwenda kuitafuta karatasi. Wengi walimkuta Mungu humo humo, na wakabaki naye hata baada ya Mjerumani kuondoka. Kwa bibi yangu mambo hayo mawili hayakuwa na mpaka: kusoma na kusali alikuita kwa neno moja, kama watu wengi wa enzi zake waliosema fulani "amesoma" wakimaanisha amebatizwa.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, simwachi nje, ingawa jina lake ndilo pekee ambalo wageni hulijua. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akakaa Old Moshi kwa muda mrefu wa utumishi wake hadi alipoondoka moja kwa moja mwaka 1938. Aliketi na wazee akaandika sheria na desturi za Wachaga katika kitabu cha zaidi ya kurasa 700, kilichochapwa mwaka 1926. Alishikilia kwamba Mchaga asing'olewe kwenye ukoo wake, jirani zake na rika lake ili awe Mkristo, kwa hiyo akawapanga wanafunzi wa kipaimara katika vikundi vya kushikana na kulindana, kwa mfano wa rika la wapiganaji na ngao zao. Ukiona leo mtaa mzima unavyoacha shughuli mtu anapofiwa, kuni zinakuja, ndizi zinakuja, sufuria zinakuja bila mtu kutuma ujumbe, jua kwamba ujirani huo ulikuwepo kabla yake. Sifa yake ni kwamba aliuona na hakuubomoa. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kuutaka ubaki vilevile. Alikipenda Kichaga mpaka akakionea mashaka Kiswahili, wakati walimu vijana walikuwa wanakitaka Kiswahili kwa sababu ndicho kingewavusha mto. Bibi aliomba kwa Kimochi, Kichaga cha Old Moshi, mama yangu anaomba kwa Kiswahili, na mimi huomba kimoyomoyo, sijui ni lugha gani.

Lakini kipindi ninachokipenda kuliko vyote hakina Gutmann ndani yake. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig, isipokuwa wachache wa asili ya nchi za Baltiki walioruhusiwa kubaki kaskazini. Wakati huo hakukuwa na mchungaji Mchaga hata mmoja; wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache na mlima ni mkubwa. Leipzig waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925.

Hesabu miaka hiyo. Nani alipiga kengele? Nani alizika? Nani aliwafundisha watoto wa kipaimara, nani aliamua ugomvi wa mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, kati ya msharika na msharika? Ni walimu. Watu waliofundisha alfabeti Jumatatu hadi Ijumaa na kuhubiri Jumapili, mshahara mdogo au hakuna, bila joho. Wamisionari waliporudi walikuta sharika zimesimama. Kwa hesabu yangu hapo ndipo kanisa la Kilimanjaro lilipozaliwa, na lililofuata lilikuwa ni kuandikishwa tu: Wajerumani kuwekwa kizuizini tena Vita vya Pili vilipoanza, na hatimaye Juni 1963, makanisa saba kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) chini ya Stefano Moshi, mwana wa Mamba.

Kwenye foleni ya picha za wachungaji, miaka ile ya walimu huwa ni kistari. Hakuna picha, kwa hiyo hakuna kitu.

Na wanawake ndio hawana hata kistari. Bibi alikuwa akisema kwamba mwaka wake wa kipaimara walibeba mawe kutoka mtoni, kila msichana idadi yake, kwa ajili ya jengo la mtaa wao, na kwamba mwenzake mmoja alikuwa akichagua madogo madogo mpaka mwalimu akamrudisha mtoni peke yake. Huyo mwenzake walicheka naye kisa hicho mpaka uzeeni. Kanisa limesimama juu ya mawe yale, makubwa na madogo. Katika vijitabu wanawake huonekana mwishoni, wamesimama nyuma ya masufuria.

Kumbukumbu zipo, msiniambie hazipo. Rejista za ubatizo na ndoa zipo makabatini, baadhi zinaliwa na mchwa. Daftari za mnada wa sadaka baada ya ibada zipo: nani alileta mkungu wa ndizi Jumapili ile, nani aliununua, na kwa bei gani katika mwaka wa njaa ukilinganisha na mwaka wa kahawa nzuri. Nipe daftari za mnada za miaka 30 nikuandikie historia ya kijiji kizima. Simu zetu zinapiga picha, na vijana wa usharika wanajua kuzitumia kuliko sisi. Fedha iliyokwenda kwenye karatasi inayoteleza ingetosha kabisa.

Nimeamua nisingoje kamati. Desemba nikipanda nyumbani na Wachaga wenzangu kwa yale mabasi yaliyojaa, nitaanza na dada mdogo wa bibi. Ana miaka 91 na masikio mazuri. Nilipompigia kumwambia nataka anisimulie habari za usharika akanikatiza: "Mae! Miaka yote hiyo mlikuwa wapi?" Kisha akasema nije na sukari kilo mbili, asije akaonekana anasimulia bure, na nisije Jumapili, maana Jumapili baada ya ibada ana kuku wake wa kupeleka mnadani.