Tundu au boksi lililozibwa: spika ndogo kwa chumba kidogo

Anayetafuta spika ndogo za kusikilizia muziki kwa makini, katika chumba kidogo, karibu kila mara hupewa ushauri mmoja: soma karatasi ya vipimo, uone sauti inashuka hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) ngapi, kisha chukua inayoshuka zaidi. Kwa ushauri huo, uchaguzi umekwisha kabla hujasikiliza chochote. Spika yenye tundu, lile bomba linalopumua mbele au nyuma ya boksi, itaandikwa hezi 45 au 50. Ya boksi lililozibwa kabisa, yenye ukubwa uleule, itaandikwa 65 au 70. Nani ataichukua ya 70? Tatizo ni kwamba namba hizo huonyesha spika ikiwa peke yake, kana kwamba hakuna kuta, ilhali sisi tunasikiliza tukiwa tumezungukwa na kuta nne, sakafu na dari.

Tundu lina haki yake, na ni haki kubwa. Hewa iliyomo ndani ya bomba ni kama uzito, na ile iliyomo ndani ya boksi ni kama springi inayoubeba. Kwenye masafa fulani, yaani idadi fulani ya hezi, viwili hivyo huvuma pamoja, bomba likatoa sauti nyingi huku koni (kiwambo kinachotikisika) ya wufa, kile kipaza cha besi kilicho kwenye boksi, ikiwa karibu imetulia. Ukikumbuka kwamba koni inapotakiwa kutoa sauti yenye nguvu ileile oktavu moja chini, yaani kwa nusu ya hezi, hulazimika kusafiri mara nne zaidi, utaelewa kwa nini wufa ya inchi 5 inaushukuru msaada huo. Kazi ya mhandisi Neville Thiele mwaka 1961, ikaendelezwa na mwenzake Richard Small miaka ya 1970, iliwawezesha waundaji kulipanga bomba kwa hesabu badala ya kubahatisha. Tangu hapo spika zenye tundu zimetawala, na si kwa hila.

Lakini chini ya pale bomba linapovuma, msaada unageuka. Koni hukosa hewa ya kuegemea, hutikisika sana bila kutoa sauti ya maana, na besi hudondoka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 24 kila oktavu. Boksi lililozibwa huanza kushuka mapema zaidi, hilo halina ubishi, ila hushuka taratibu, desibeli 12 kila oktavu, na hewa iliyofungiwa ndani hubaki kuishika koni hadi chini kabisa. Springi hii ya hewa ndiyo aliyoitegemea mvumbuzi Edgar Villchur alipotoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954.

Sasa chukua chumba cha mita 3.5 kwa 3, chenye dari ya mita 2.4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba kwa mbili, gawanya 343 kwa jibu hilo, unapata hezi 49. Hayo ndiyo masafa ya chini kabisa ambayo wimbi lake hunaswa kati ya kuta mbili zinazotazamana, likaenda na kurudi likijiongezea nguvu. Upana unatoa 57, kimo 71. Rudi kwenye spika: bomba la spika ndogo mara nyingi hupangiwa kuvuma mahali fulani kati ya hezi 45 na 60. Mtengenezaji ameweka nguvu yake palepale ambapo chumba kimekwisha kuweka yake.

Naishikilia namba hiyo ya 49 kwa sababu muziki nao unaipitia. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni noti ya E ya hezi 41. Panda hadi G, uko hezi 49. Katika chumba kile G hiyo itajaa hadi kutikisa dawati, wakati E na F zilizo chini yake zinapita kama kawaida, na itaendelea kuvuma hata baada ya kidole cha mpigaji kuinyamazisha. Mpigaji aliyepiga noti tano kwa uzito sawa anasikika kama aliyeipenda moja na kuzidharau nne. Msikilizaji huilaumu rekodi, au amplifaya, au nyaya. Mara nyingi anachosikia ni bomba na chumba vikivuma kwa pamoja. Na kama chumba ni cha mraba, urefu na upana huangukia masafa yaleyale, kilima kikawa kirefu zaidi.

Ni kweli kwamba boksi lililozibwa haliondoi mvumo wa chumba. Kuta ni zilezile. Ila linafika kwenye hezi 49 likiwa limekwisha kushuka desibeli kadhaa, kwa hiyo chumba kinajaza pengo badala ya kurundika juu ya kilichojaa. Chini ya hapo ndipo hesabu inapendeza zaidi: mawimbi yanapokuwa marefu kuliko chumba kinavyoweza kuyanasa, spika huanza kuikandamiza hewa yote ya chumba kwa pamoja, na kwa nadharia chumba kilichofungwa vizuri huongeza hadi desibeli 12 kila oktavu. Spika inashuka 12, chumba kinapanda kuelekea 12. Katika nyumba halisi ongezeko huwa dogo zaidi, kwa kuwa milango huvujisha na kuta nyepesi hutikisika, lakini mwelekeo ni huohuo. Ile spika ya hezi 70 kwenye karatasi inaweza kukupa besi ya kina kuliko ulivyotarajia, tena iliyo sawasawa.

BBC walipounda LS3/5A mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wanataka spika ya kukagulia sauti mahali pa kubana, hata ndani ya magari ya matangazo. Waliziba boksi la takriban lita 5. Spika hiyo haina besi ya kina, na besi yake ya juu imetiwa kinundu kidogo ili isisikike nyembamba, jambo linalotukumbusha kwamba kuziba peke yake hakuhakikishi usawa. Hata hivyo miaka 50 baadaye bado inatengenezwa, na wanaoipenda wengi huisikiliza karibu, katika vyumba vidogo.

Gharama ya kuziba iko kwenye wati. LS3/5A hutoa desibeli 82 hivi kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika yenye tundu inayotoa 88 inahitaji robo tu ya nguvu kufikia sauti ileile, na hoja hii hutolewa kana kwamba inamaliza mjadala. Tuihesabu. Ukiwa umbali wa mita 2 unapoteza desibeli 6, spika mbili zinakurudishia 3, unabaki na 79. Amplifaya ya wati 40 inaongeza 16. Hizo ni desibeli 95, kabla kuta hazijachangia chochote. Kwa chumba cha mita 3.5 hiyo ni sauti kubwa kuliko wengi wetu tunavyoweza kuvumilia kwa muda mrefu.

Kuna pia imani kwamba tundu likiwa mbele, tatizo la ukuta limekwisha. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kwa wimbi hilo, sentimita 30 za boksi si kitu, na ukuta wa nyuma utaliongezea nguvu litokee upande wowote. Tundu la nyuma linahitaji nafasi ya kupumua tu. Na katika chumba kidogo spika zitaishia karibu na ukuta, tena ni heri: ukiisogeza mbele mita 0.9, mwangwi wa ukuta utaifuta sauti ya karibu hezi 95, mahali ambapo besi nyingi ya muziki inaishi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka spika isiyokuja na besi ya ziada kutoka kiwandani.

Aliyekwisha kununua yenye tundu asikimbilie kuiuza. Nyingi huja na kipande cha sponji cha kuzibia bomba. Wufa iliyoundiwa tundu, ikizibwa, hushuka mapema na kwa upole, pengine mno ikiwa katikati ya chumba, lakini ikiwa karibu na ukuta mara nyingi hukaa pazuri. Usiipaze sana tu, kwa kuwa koni imepoteza msaada wa bomba na inasafiri zaidi. Jaribu kwa wimbo mmoja wenye gitaa la besi linalotembea, ukiwa kwenye kiti chako cha kawaida, na usikilize kama noti zote zinalingana.

Mimi ningechagua tundu pale ambapo chumba kidogo kiko wazi upande mmoja, kimeungana na sebule au ukumbi, kwa kuwa hapo ukandamizaji wa hewa unaponyoka na spika inabaki kujitegemea. Ningelichagua pia kwa anayependa sauti kubwa na hana mpango wa kuongeza sabufa, ile spika ya ziada ya besi peke yake. Mwenye mpango wa kuongeza sabufa baadaye ana sababu zaidi ya kuziba: boksi lililopangwa kuanza kushuka polepole kwenye hezi 80, likiongezewa kichujio cha kupunguza besi, cha desibeli 12, pale pale, hufikisha 24 kila oktavu, mteremko ambao vichujio vingi vya sabufa hutumia upande wa pili. Spika na sabufa hupokezana kwenye hezi hizo 80 bila kuacha shimo wala kilima kati yao.