Tunangoja Maji Yapwe

Najua mmeshaiona. Ile klipu ya shemeji yangu, mtu mzima kasimama katikati ya bahari, kashika mwavuli uliogeuka kikombe, anayahutubia maji. Huyo ni mimi. Shemeji kaandika chini yake "Waziri wa Bahari akikagua mradi", nanyi mkaisambaza mpaka ikanirudia kupitia mtu asiyenijua sura, ananiuliza kama nimeona kituko cha wiki. Basi leo nasema mwenyewe, miguu ikiwa bado ndani ya beseni la maji baridi, maana klipu imekatwa mwanzo na haina sauti. Na iandikwe kabisa kwamba sikulia. Yale yalikuwa maji ya chumvi.

Likizo ilikuwa ya siku nne, mji wa pwani, watu wanne: mimi, mke wangu, shemeji, na mama mkwe. Hilo la mwisho lisomeni polepole.

Mwenye akili akienda kupumzika hubeba mkeka. Mimi nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta, safu saba, rangi tatu: kijani kulala, njano kula, buluu bahari. Losheni ya jua niliipigia hesabu. Mtu mzima hupakwa kama mililita 30 ili mwili wote uenee, yaani vijiko viwili vikubwa, na hurudiwa kila saa mbili, au mara tu ukitoka majini. Watu wanne, mara tatu kwa siku, siku mbili za ufukweni: mililita 720. Nikachukua chupa nne za mililita 200, zikabaki 80 za dharura. Wengi hubeba kichupa kimoja cha familia nzima, wanajipaka kama wanaweka manukato, halafu wanalalamika losheni ni feki. Mimi si wa hivyo. Mimi ni wa kupotea kwa mpangilio.

Kilele cha ratiba kilikuwa fungu. Mbele ya ule mji kuna fungu la mchanga mweupe, mbali kidogo na ufuko, na kati yake na nchi kavu kuna kijibonde kinachopitisha maji. Fungu hilo halionekani siku zote. Linatoka vizuri wakati wa bamvua, pale bahari inapopwa sana na kujaa sana, siku moja au mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hucheza katikati tu, na ukienda kutafuta fungu utaoga. Hayo yote niliyajua. Nilijua pia kwamba maji hayafuati ratiba ya binadamu, kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukiangalia jedwali la maji la Alhamisi usilitumie Jumamosi. Nikachagua Jumamosi iliyofuata mwezi mpevu, nikafungua jedwali la maji la Jumamosi hiyohiyo. Mnaona nilivyokuwa makini? Kumbukeni umakini huo.

Nilichotaka ni maji kupwa tu. Nikatafuta namba ndogo kuliko zote, nikaiona: mita 0.2. Pembeni yake saa: 10:12. Nikanakili, nikafunga.

Ratiba yangu yote ilikuwa kwa saa zetu. Saa 2 asubuhi chai, saa 7 mchana chakula. Sasa nikaitazama ile 10:12, nikajiuliza, saa kumi alfajiri au saa kumi jioni? Alfajiri tumelala. Nikaandika: JIONI. Nikapaka buluu. Nikajipongeza.

(Wale mlioshaelewa, tulieni. Msiwaharibie wenzenu.)

Siku ya kwanza tulifika usiku. Siku ya pili ratiba ilisema KUPUMZIKA kwa herufi kubwa, na mtu yeyote aliyesogea dirishani kutazama bahari nilimrudisha kitandani. Jumamosi, saa 4 asubuhi, tunamaliza chai barazani, mama mkwe akasema taratibu, "Maji yamekwenda mbali leo." Kweli, bahari ilikuwa imekimbia, watoto wanaokota kombe kule nilikodhani ni katikati ya Bahari ya Hindi. Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, hapo bado. Hapo ndiyo yanaanza. Ikifika saa kumi utatembea mpaka ng'ambo."

Akanyamaza. Baadaye niligundua kwamba mama huyu amekulia kando ya bahari. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuuliza.

Saa 6 kasorobo tukavuka. Maji ya kwenye kijibonde yalitufika juu kidogo ya kifundo. Nikawaambia: kama saa sita kasoro ni kifundo, na yanapwa mpaka saa kumi, tutarudi na viatu vikavu. Hesabu hiyo haina kosa, shida ilikuwa bahari. Nikatandika mkeka, nikachimbia mwavuli, nikaweka kasha la barafu, nikamketisha mama mkwe juu yake kama malkia. Nikampaka kila mtu losheni, nikajipaka na mimi: uso, shingo, masikio, nyuma ya magoti. Juu ya miguu nikasahau. Tutakuja huko.

Saa 6:40 shemeji akaja kutoka ukingoni. "Shem, mbona maji yamefika kiunoni kule tulikopita?"

"Umepita pengine," nikamwambia.

"Nimepita palepale."

Hapo ningesema "turudi", leo msingenijua. Tungerudi tumelowa viuno, tungecheka, tungekula. Badala yake nikasimama kumfundisha. Nikachukua vigingi vitatu vya hema dogo tulilobeba, nikachomeka cha kwanza pale maji yalipogusa mchanga. Nikasema, "Tazameni hiki kigingi. Dakika kumi zijazo kitakuwa nchi kavu, halafu tutaheshimiana."

Tukakitazama. Wimbi likaja, likakilamba, likarudi. Nikasema, "Hilo wimbi tu." Likaja la pili, likakipita hatua moja. "Wimbi kubwa." La tatu halikurudi. Mke wangu, ambaye hapo nyuma alikuwa amelala chali na kofia usoni, akanyanyua kofia kwa kidole kimoja. "Mume wangu, kigingi si kilikuwa mchangani?"

"Mchanga laini huo. Kinazama."

Nikachomeka cha pili, hatua tatu juu zaidi. Nadhani mnajua kilichokipata cha pili. Nikachomeka cha tatu, nikakipiga kwa ndala kiingie sana, nikakishika kwa mkono. Sasa picha ilikuwa hivi: vigingi vitatu kwa mstari, cha kwanza hakionekani, cha pili kimebaki ncha, cha tatu nakishika mwenyewe nimechuchumaa, maji yananipita kisigino cha kushoto, kisha cha kulia, na bado mdomo wangu, bila kibali changu, unasema, "Yanapwa. Mnaona? Yanapwa kwa pembeni."

Kwa pembeni! Mpaka leo sijui nilimaanisha nini. Ndipo shemeji alipotoa simu.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea chini ya miguu yangu, maana mabaharia wana hesabu yao na ni nzuri. Chukua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa, igawe sehemu 12. Saa ya kwanza bahari inapanda sehemu 1. Ya pili, 2. Ya tatu, 3. Ya nne, 3. Ya tano, 2. Ya sita, 1. Yaani inaanza kwa adabu, inamaliza kwa adabu, katikati ndiyo inavamia. Siku ile tofauti ilikuwa mita 3.7, kila sehemu ni sentimita 31 hivi, kwa hiyo saa ya tatu peke yake bahari inapanda sentimita 92. Saa ya tatu ndiyo niliyoitumia kuchomeka vigingi. Ndiyo maana watu hunaswa kwenye mafungu: wakifika wanaona maji yanasogea kivivu, wanadhani ndiyo mwendo wake.

Na kijibonde hujaa kwanza. Fungu liko juu, bonde liko chini, kwa hiyo wewe bado umekaa pakavu unamenya chungwa huku njia yako ya kurudi imeshakuwa kina cha mtu.

Saa 7:20 fungu lilikuwa na ukubwa wa chumba. Saa 7:30, ukubwa wa kitanda. Upepo ukageuza mwavuli. Mkeka ukaondoka bila kuaga. Mke wangu hakuwa anasema chochote tena, na walioko kwenye ndoa wanajua hiyo ni hatua ya ngapi. Mama mkwe alikuwa bado juu ya kasha la barafu, ameinua miguu kidogo, mkoba mapajani, anatazama upeo wa macho kama anasubiri daladala.

Kukatokea mtumbwi. Mzee mmoja, kofia ya ukindu, anapiga kasia bila haraka. Akafika, akatuangalia mmoja mmoja. Nami nikasimama wima, maji magotini, mwavuli-kikombe mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mnangoja nani?"

"Tunangoja maji yapwe, mzee wangu. Yanamalizia saa kumi na dakika kumi na mbili."

Mzee akatazama jua. Akanitazama mimi. Akatazama kigingi nilichokuwa bado nimekishika mkono wa pili. Kisha kwa upole mkubwa, ule upole wa kumwambia mtu habari za msiba, akasema, "Yatapwa, mwanangu. Saa nne na nusu usiku. Mmekuja na taa?"

Nikasema hapana, jedwali ninalo, ngoja nikuonyeshe. Simu ilikuwa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaifungua kwa kidole chenye losheni, ikakataa, nikafuta, ikakataa, nikafuta kwenye nywele, ikakubali. Jedwali hilo. 10:12, mita 0.2. "Hii hapa mzee." Halafu jicho likateleza mstari wa chini, ule ambao sikuwahi kuunakili: 16:24, mita 3.9.

Kumi na sita. Nikajiambia, sisi hatuna saa kumi na sita. Kumi na sita toa sita ni kumi. Saa kumi na dakika ishirini na nne jioni, maji kujaa. Mbona basi dakika ya kumi na mbili yanapwa na ya ishirini na nne yamejaa? Bahari nzima, mita 3.7, kwa dakika kumi na mbili? Nikaona jinsi nilivyo mjinga mara mbili, kwa sababu kwa nusu dakika nzima nilifikiri jedwali ndilo limekosea. Halafu ikaja polepole, kutoka magotini kupanda juu, kama maji yenyewe: kumi toa sita.

Nne.

Saa nne asubuhi. Wakati wa chai. "Maji yamekwenda mbali leo."

Na uchungu wenyewe ni huu. Bahari hutumia kama saa 6 na dakika 12 kutoka kupwa hadi kujaa. Saa zetu na za jedwali zinapishana saa 6. Ningekosea kwa saa tatu, ningekutana na bahari nusu, tungejadiliana. Kati ya makosa yote yaliyopo duniani nilichagua lile linaloigeuza bahari kichwa chini miguu juu kamili. Ningenakili mistari yote minne ya siku ile, na siyo mmoja, hata mtoto wa darasa la tatu angeona.

"Mzee," nikasema, "nimeelewa."

Mama mkwe akashuka kwenye kasha. Maji yakamfika mapajani. Akaniambia, bila hasira yoyote, "Mimi niliona yanakuja tangu tunavuka. Lakini ulikuwa umejiandaa sana."

Mengine ni mafupi. Mtumbwi ulikwenda safari mbili, mama na binti yake kwanza, mimi na shemeji tukibaki tumesimama maji kifuani huku yeye akiniuliza kama kwa pembeni kumeshapwa. Kasha la barafu lilielea vizuri, asante. Mwavuli haukuelea. Ndala moja imerudi. Juu ya miguu yangu, pale nilipoacha kupaka na maji hayakufika mapema, kumekuwa kwekundu na kumejivuna kama maandazi, na alama ya kanda za ndala imebaki nyeupe katikati kama herufi V. Zile mililita 80 za dharura ziko baharini. Siku ya nne ratiba ilifutwa, mama mkwe akashika madaraka: tulilala, tukaamka, tukala, tukaogelea pale alipokaa kivulini akisema "sasa" na "basi". Ndiyo ilikuwa likizo nzuri kuliko zote nilizowahi kwenda, na kundi la familia kwenye simu sasa linaitwa 10:12.

Jioni yake tulitazama tiketi za kurudi. Basi liliandikwa 10:00, bila asubuhi wala jioni. Wote watatu wakaisoma, wakatazamana. Hakuna aliyeniuliza. Shemeji akavaa viatu, akatoka kwenda kituoni kuuliza kwa mdomo.