Diploma mmetudai, mkataba tumdai nani?

Juzi mama mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha dukani kuniomba ushauri. Binti yake kapata nafasi kwenye chuo kidogo cha uandishi wa habari huko mkoani, na mjomba mtu kaitangazia familia nzima kwamba hivyo ni vyuo vya waliokosa pa kwenda. Nilimwambia amwache mtoto aende. Ila hasira ya kauli ile bado haijanitoka.

Wanafunzi wa vyuo hivi nimewapokea kwenye mafunzo kwa vitendo. Mmoja tulimtuma Baraza la Madiwani. Waandishi wazoefu walichukua maneno ya mwenyekiti wakaondoka. Yeye akabaki, akaomba taarifa ya utekelezaji wa miradi, akakuta zahanati ya kijiji jirani na kwao imeandikwa imekamilika. Anaijua, haina paa. Akapanda bodaboda, akapiga picha, akambana mtendaji wa kijiji, akaandika. Habari ikatoka. Malipo yake hayakurudisha hata hela ya bodaboda.

Hapo ndipo penye kidonda. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zilimtaka mwandishi awe na diploma, zikampa miaka mitano ya kujipanga. Watu wazima walirudi darasani, wengine kwa mikopo ya vikoba, wakasoma huku wakitafuta habari. Sheria hiyohiyo tuliambiwa itawabana wamiliki wawawekee waandishi bima na hifadhi ya jamii. Upande wa mwandishi umesimamiwa. Upande wa mmiliki je? Korespondenti wa wilayani ataambiwa yeye si mwajiriwa, ni wa kujitegemea, hata kama jina lake linatoka gazetini kila wiki. Analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli, bando na siku nzima vimepotea. Akigongwa na gari akirudi kwenye tukio, wenzake wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp.

Halafu tunamlaumu kwa bahasha, zile hela anazopewa na wanaotaka kuandikwa! Semina ya hotelini ina chai, posho na nauli. Zahanati isiyo na paa haina kitu. Mtu mwenye watoto wawili ataandika ipi? Anayeumia ni mama mjamzito wa kijiji kile, ambaye habari yake haitaandikwa tena na mtu yeyote.

Nakubali, shingo upande, kwamba sharti la diploma limepunguza vishoka. Na vyuo vingine vimejitakia dharau: mwanafunzi anamaliza akijua kuiga sauti za watangazaji wakubwa, hajawahi kufungua ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa, wakati inawekwa hadharani kila mwaka na halmashauri yake imo humo. Kuifungua hakuhitaji studio ya mamilioni, kunahitaji mwalimu anayejali.

Ajira nyingine zipo. Uafisa habari wa halmashauri unapitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, na foleni ni ndefu. Mashirika yanatafuta watu wa mawasiliano. Ukitaka televisheni ya mtandaoni, anza na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mimi nawapenda wanaokwenda redio jamii, za aina ya Sengerema FM, Pangani FM au ile Orkonerei ya Terrat, Simanjiro, kwa sababu huko mwandishi anaishi na watu anaowaandika, na akikosea wanamfuata mlangoni.

Lakini hata huko wengi wanafanya kazi kwa kujitolea, mwaka unaisha wanaambiwa wavumilie. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari inapomdai mwandishi cheti chake ili impe kitambulisho, imdai na mmiliki wake karatasi mbili: mkataba wa kila anayemletea habari kila wiki, na risiti ya michango ya mwandishi huyo NSSF. Asiye nazo aulizwe hadharani, kwa jina la chombo chake, kama anavyoulizwa yule kijana asiye na diploma.