Usimpe Buddha Mgongo!

Jamani, kuvua viatu kuna ugumu gani? Sri Lanka masharti ya mahekalu ya Kibuddha hayajafichwa. Viatu nje, kofia nje, mabega na magoti yafunikwe, na usipige picha huku umeipa sanamu ya Buddha mgongo. Basi! Mbona watu wanabishana na mlinzi mpaka mishipa inawatoka shingoni?

Nendeni Kandy, kwenye Hekalu la Jino, mkajionee. Ngoma zinalia. Akina mama waliovaa nguo nyeupe wamepanga foleni, maua ya yungiyungi mikononi, wakingoja zamu yao ya kupita mbele ya chumba linamotunzwa jino la Buddha. Mara anajipenyeza mtu na simu yake juu ya kijiti, anageuka, anatabasamu, anarudia picha mara mia! Wewe ndugu, hapo ni studio? Hao waliokuja kusali wakupishe wewe?

Na kule Dambulla, hekalu la mapango matano, sanamu zaidi ya 150, michoro imejaa hadi darini. Mtu anaegemea ukuta! Michoro iliyodumu karne na karne, leo inafutwa na jasho la mgongo wako?

Tena msiseme hamkujua. Mwaka 2012 Wafaransa watatu walitiwa hatiani huko huko Sri Lanka kwa kupiga picha wakijifanya wanaibusu sanamu, na habari ikazunguka dunia nzima.

Mawe yanaunguza nyayo? Vaa soksi. Umekuja na kaptula? Jifunge shuka. Picha unaitaka? Mpige Buddha peke yake, wewe kaa pembeni!